Nusu Pointi ya Varna

Katika kumbukumbu za sataranji mchezo huu unachukua mstari mmoja: Botvinnik na Fischer, Varna, 1962, sare. Anayepitia orodha ya matokeo huuruka, kwa sababu macho hutafuta mshindi, na hapa kila mmoja ameandikiwa nusu pointi. Kuna imani iliyoenea, hata miongoni mwa watu wanaoupenda mchezo huu, kwamba sare ni siku iliyopotea: watu wawili wamekaa mezani saa nyingi, wakainuka kama walivyokaa. Nashikilia kwamba imani hiyo ina makosa, na sioni ushahidi mzuri zaidi wa kuipinga kuliko mchezo huu wa hatua 68, uliochezwa kwa siku mbili na kugombaniwa kwenye karatasi kwa miaka kumi na mitano hivi baadaye. Sare hii ilizaliwa na aina mbili za maarifa zilizogongana. Ya kwanza ni ile ya mtu mmoja aliyekaa peke yake mbele ya ubao. Ya pili ni ile inayotunzwa na shule, timu na taifa. Mgongano huo ulianza tangu hatua za ufunguzi, na bila kuuelewa ufunguzi hatuwezi kuelewa kwa nini mwisho ulikuwa vile.

Varna ni mji wa Bulgaria ulio kwenye ukingo wa Bahari Nyeusi, na mwaka 1962 ulikuwa mwenyeji wa Olimpiadi ya 15 ya sataranji, mashindano ambayo nchi hupeleka timu na wachezaji wanne hukaa mezani katika kila pambano. Umoja wa Kisovieti ulileta kikosi ambacho hata leo ukikisoma kinatisha: Mikhail Botvinnik, Tigran Petrosian, Boris Spassky, Paul Keres, Efim Geller na Mikhail Tal. Kati ya sita hao, wanne waliwahi au walikuja kuwa mabingwa wa dunia, na wawili waliobaki waliufikia mlango wa ubingwa bila kuingia. Kwa upande wa Marekani meza ya kwanza ilikuwa ya Robert Fischer, kijana wa miaka 19 kutoka Brooklyn, asiye na kocha wa kudumu wala ofisi yoyote iliyomlipa ili ajifunze. Botvinnik alikuwa na miaka 51, bingwa wa dunia wa wakati ule, mhandisi wa umeme mwenye shahada ya udaktari, mtu aliyeigeuza sataranji ya nchi yake kuwa kazi ya utafiti yenye kumbukumbu, majaribio na nidhamu. Hawakuwa wamewahi kukutana ubaoni. Dunia nzima ya sataranji ilijua kwamba kijana yule alikitaka kiti cha mzee yule, na vita baridi iliyokuwa ikiendelea nje ya ukumbi iliipa kila kete uzito usiotokana na mbao peke yake.

Botvinnik alicheza na kete nyeupe. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1969 Fischer alieleza kwamba alihisi, kwa kumtazama tu mwenzake, kuwa bingwa amekuja na silaha dhidi ya Kinga ya Kihindi ya Mfalme, ufunguzi ambao kijana huyu aliuzoea na kila mtu alijua kwamba atauchagua. Akabadilisha njia papo hapo. Kwenye hatua ya tatu alimsogeza askari wake hadi mraba wa d5, na mchezo ukaingia katika Kinga ya Grünfeld. Uamuzi huo wa dakika moja ndio mzizi wa yote yaliyofuata, na hauwezi kueleweka bila kujua kinga hiyo ilitoka wapi na inadai nini.

Ernst Grünfeld alikuwa mtu wa Vienna, aliyepoteza mguu mmoja utotoni na kuziba pengo hilo kwa kusoma vitabu vya sataranji kwa bidii ambayo wenzake waliistaajabia. Mwaka 1922 alianza kuitumia kinga iliyobeba jina lake katika mashindano makubwa, na mwaka huohuo huko Vienna akamfunga nayo Alexander Alekhine, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Wazo lenyewe lilikuwa na umri mkubwa kuliko jina lake: Mahesh Chandra Banerjee wa Bengal alilicheza Calcutta mwaka 1855 dhidi ya Mskoti John Cochrane. Lakini jina la Mviena ndilo lililokaa. Jambo hilo lanihuzunisha. Linatukumbusha pia kwamba ufunguzi ni mali ya wengi hata pale unapoitwa kwa jina la mmoja.

Mafundisho ya karne ya 19 yalisisitiza kwamba katikati ya ubao pakaliwe na askari, na anayeuachia mpinzani uwanja huo amekwisha kujipunguzia pumzi. Grünfeld na kizazi chake waliuliza swali ambalo wazee hawakuwa wamelijibu vizuri: je, askari waliojipanga katikati ni nguvu, au ni shabaha? Katika kinga hii mweusi humwacha mweupe ajenge ukuta wake mpana, kisha huuelekezea kila alicho nacho: askofu anayetazama mshazari mrefu kutoka g7, farasi wawili, na baadaye malkia. Ukuta ukisimama, mweusi hubanwa hadi akose pa kupumulia. Ukitikisika, huanguka wote. Kwa hiyo Grünfeld ni ufunguzi usiokaa vizuri na watu wanaotafuta sare ya mapema. Anayeuchagua amekubali kuhatarisha, na anayeupinga analazimika kujua mambo mengi kwa undani, kwa sababu hatua moja ya uvivu humgeuzia meza.

Botvinnik alijibu kwa kumtoa malkia wake mapema hadi b3, kisha c4, njia ambayo wachezaji wa Kisovieti waliifanyia kazi sana hata ikaitwa Mfumo wa Kirusi. Fischer naye akafuata mpango wa Vasily Smyslov: askofu kwenda g4, farasi kurudi d7, shinikizo lote likielekezwa kwenye askari wa d4. Hapo ndipo kijana alipokanyaga kwenye chumba cha ndani cha mwenyeji. Botvinnik alikuwa amecheza mechi tatu za ubingwa na Smyslov, mwaka 1954, 1957 na 1958, na kwa ajili ya mechi hizo alikuwa ameuchambua mpango huu huu nyumbani kwake. Fischer alikimbia silaha moja iliyokuwa mkononi mwa bingwa, akaangukia nyingine iliyokuwa imetunzwa kwenye droo kwa miaka. Hatua kwa hatua bingwa alicheza kama mtu anayesoma maandishi yake mwenyewe: ngome kwenda d1, malkia kwenda c5, askari kwenda d5, farasi kwenda b5.

Msomaji mwenye kumbukumbu atakuwa ameona hapa sura anayoijua. Malkia mweupe amekaa c5, ngome d1, farasi mweusi b6, askofu mweusi g4. Miaka sita kabla yake, mjini New York, Fischer akiwa na miaka 13 alimfunga Donald Byrne katika mchezo uliopewa jina la Mchezo wa Karne, nao ulipitia umbo lilelile ndani ya ufunguzi uleule. Huko Varna Byrne alikuwa miongoni mwa wachezaji wa timu ya Marekani. Nalitaja hili kwa sababu linajibu swali muhimu: kijana aliyeingia kwenye mtego wa utafiti wa miaka mingi alikuwa na nini mkononi? Alikuwa na uzoefu wa nafasi za aina hii tangu utotoni, hisia iliyozoeshwa kwamba malkia aliyekaa c5 amekaa juu ya kaa la moto.

Hatua ya 17 ndiyo moyo wa mchezo. Farasi mweusi amemshambulia malkia mweupe aliye c5. Bingwa, badala ya kumwondoa, anamsukuma askari wake hadi e5 na kumshambulia malkia mweusi aliye f6. Katika uchambuzi wake wa nyumbani malkia mweusi analazimika kurudi nyuma, na mweupe anabaki na uwanja mpana na mchezo rahisi. Fischer akamchukua askari wa f4 kwa malkia wake. Kwa mtazamo wa kwanza ni wazimu, kwa kuwa mraba huo unalindwa na askofu. Lakini askofu akimla malkia mweusi, farasi wa d7 anamla malkia mweupe, na vumbi likitulia malkia wote wawili wametoweka huku mweusi akiwa mbele kwa askari mmoja. Hesabu hiyo ni ya hatua mbili tu. Mtoto aliyefundishwa vizuri anaweza kuifanya akiambiwa kwamba ipo. Bingwa wa dunia aliutazama mpango huu nyumbani, bila saa ya kumhimiza, na hakuiona. Baadaye alikiri bila kuficha kwamba hatua hiyo ilimpita katika matayarisho yake na kwamba ilikuwa pigo zito kwake.

Kwa nini haikuonekana? Nadhani jibu limo katika tabia ya maarifa yaliyohifadhiwa. Mtu anapoandaa mpango nyumbani huamua mapema mpinzani atafanya nini, kisha hutumia nguvu zake zote kwenye matawi anayoyatarajia. Tawi ambalo hakulitarajia halipati hata dakika moja. Maandishi yale yakikaa kwenye droo hupata heshima ya ukweli, na mwenyewe anapokuja kuyatumia hayachunguzi upya, anayakumbuka. Fischer hakuwa na cha kukumbuka. Alilazimika kutazama, na aliyetazama ndiye aliyeona. Hapa maarifa ya mtu mmoja yalipata ushindi wake, na kama mchezo ungeishia hapo tungeweza kuandika historia fupi na nyepesi ya kipaji kilichoishinda maktaba.

Haukuishia hapo. Botvinnik, akiwa na askari mmoja pungufu na usiku ukikaribia, alijitetea kwa ukaidi. Alisukuma askari wake wa d hadi d6, akasimamisha kete zake mahali zilipoweza kusumbua, akabadilisha zile zilizomletea madhara. Hatua za 20 na 30 zilipita bila Fischer kupata pigo la kumalizia. Kufikia hatua ya 42 farasi na askofu wa mwisho walibadilishana, na ubaoni zikabaki ngome moja kwa kila upande, askari wanne wa Fischer na watatu wa Botvinnik. Ni usemi wa zamani wa wachezaji kwamba mwisho wa mchezo wenye ngome hupenda kwenda sare, lakini usemi haumwokoi mtu aliye pungufu. Muda wa kikao ukaisha na mchezo ukaahirishwa hadi kesho yake. Wengi waliokuwepo waliamini kwamba Mmarekani atashinda.

Kuahirisha mchezo ni desturi ambayo wachezaji wa leo wanaisikia kama hadithi, kwa sababu kompyuta ziliifuta katika miaka ya 1990. Mchezaji mmoja aliandika hatua yake kwa siri, ikafungwa ndani ya bahasha na kukabidhiwa kwa mwamuzi, na usiku kila upande ulikuwa huru kuichambua nafasi na yeyote uliyemtaka. Ndipo aina ya pili ya maarifa ilipoingia ukumbini. Kidole kimoja hakivunji chawa, na katika kambi ya Kisovieti vidole vilikuwa vingi na vyote ni vya mabingwa. Uchambuzi wa usiku ulikuwa sehemu ya ufundi wao, kama vile kuchora ramani ni sehemu ya ufundi wa mjenzi. Botvinnik mwenyewe hakuona wokovu. Wazo lilitoka kwa Geller.

Wazo hilo lina uzuri ambao nataka tuukalie kidogo. Mtu aliye pungufu kwa askari mmoja huwa na silika ya kushikilia kila alicho nacho. Geller alipendekeza kinyume: ngome nyeupe iende safu ya saba, imle askari wa h7, na askari mweupe wa a4 aachwe aliwe. Matokeo yake mweusi anapata askari wawili wanaoandamana, wa a na wa b, bila askari yeyote mweupe mbele yao, jambo ambalo vitabu vyote huliita dalili ya ushindi. Geller aliona kwamba askari hao wako mbali na mfalme wao, na kwamba mfalme mweusi aliyejitokeza mbele hadi g5 atasumbuliwa na ngome kutoka nyuma huku askari wake wa g6 akikosa mlinzi. Nguvu ya ngome inayotembea ingelipa deni la askari. Asubuhi Botvinnik akafuata njia hiyo. Kwenye hatua ya 51 Fischer alimsukuma askari wake wa b hadi b5, na bingwa akajibu kwa kumtoa kafara askari wake hadi h5: mweusi akimla, ngome nyeupe inatoa cheki kutoka g5 na kumnyakua askari wa b5 aliyebaki bila ulinzi. Ndivyo ilivyokuwa. Mweusi alibaki na askari wawili kwenye kingo mbili za ubao, a na h, na wachezaji wote wanajua jinsi askari wa kingo walivyo wagumu kuwafikisha mwisho. Fischer aliendelea kutafuta hadi hatua ya 68, kisha akakubali sare. Kwa maelezo ya Botvinnik, kijana alimpa mkono akiwa amepauka, akatoka ukumbini machozi yakimlengalenga. Umoja wa Kisovieti ulishinda pambano lile pointi mbili na nusu kwa moja na nusu, na mwishoni ukatwaa dhahabu mbele ya Yugoslavia na Argentina. Marekani ilikuwa ya nne.

Pingamizi la kwanza dhidi ya sare hii ni la haki. Fischer alicheza na mtu mmoja, akaambulia sare na timu nzima. Nalipokea pingamizi hilo kwa uzito, kwa sababu lina ukweli ndani yake: kanuni zilikuwa sawa kwa wote wawili, lakini hali haikuwa sawa. Wamarekani nao waliruhusiwa kuchambua usiku, na walikuwa na watu hodari kama Pal Benko na Larry Evans, ila hawakuwa na desturi ya miongo mingi ya kufanya kazi hiyo kwa pamoja wala dola iliyoihesabu kuwa jambo la heshima ya taifa. Hata hivyo pingamizi hili likifuatwa hadi mwisho linadhoofisha pia hatua 17 za mwanzo, ambazo kwa Fischer hazikuwa zake peke yake. Kinga aliyoitumia iliwekewa misingi Calcutta na Vienna. Mpango wa askofu na farasi ulikuwa wa Smyslov, Mrusi. Hakuna anayekaa mbele ya ubao akiwa peke yake kwelikweli. Kilichotofautiana ni saa ambayo msaada ulifika: kwa mmoja ulifika kabla ya hatua ya kwanza, kwa mwingine ulifika usiku wa manane.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na lilitolewa na Fischer mwenyewe mwaka uleule. Miezi michache kabla ya Varna, kwenye kisiwa cha Curaçao, wachezaji wanane walishindania haki ya kumkabili Botvinnik. Petrosian, Keres na Geller walikutana wao kwa wao mara 12, na michezo yote 12 ilikwisha sare, kwa wastani wa hatua 19 tu. Walipumzika huku wengine wakichoka, wakashika nafasi tatu za juu. Fischer akawa wa nne. Mwezi Agosti aliandika katika jarida la Sports Illustrated akiwashutumu Wasovieti kwa kupanga matokeo, na Shirikisho la Sataranji la Dunia lilibadilisha utaratibu ili wagombea wacheze mechi za mtoano. Basi mtu anaweza kuuliza: unawezaje kuitetea sare mwaka ambao sare zilikuwa chombo cha ulaghai, tena kwa kumsifu Geller, mmoja wa watatu hao?

Jibu langu ni kwamba Curaçao na Varna zinashiriki jina la matokeo na hazishiriki kitu kingine chochote. Kule matokeo yalijulikana kabla kete hazijasogezwa, na hatua zilikuwa vazi tu la kufunika makubaliano. Huku hakuna aliyejua, wala saa ya ufunguzi, wala jioni ya kuahirishwa, wala asubuhi iliyofuata. Geller aliyekubaliana na wenzake mapema na Geller aliyekesha akitafuta njia ya ngome kwenye nafasi iliyoonekana kufa ni mtu mmoja aliyefanya kazi mbili tofauti kabisa, na historia inayowapima kwa kipimo kimoja kwa sababu tu jedwali limeandika nusu pointi ni historia inayosoma majedwali na kuacha michezo. Anayetaka kuhukumu sare aulize lini ilianza kuwa sare.

Lipo pingamizi la tatu, la wachambuzi: kwamba mchezo huu ni ushindi uliopotea, kwamba Fischer alikosea baada ya mapumziko, na kosa halistahili kuenziwa. Fischer aliamini hivyo. Katika kitabu chake cha 1969 aliipinga hoja ya Botvinnik kwamba nafasi ile ilikuwa sare, akaonyesha njia ambayo, kwa maoni yake, mweusi angeshinda. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, na kwa miaka kadhaa ngozi hii ilivutwa huku na huku kati ya bingwa mstaafu na mtu aliyekuja kuwa bingwa mwaka 1972. Botvinnik wakati huo aliendesha shule ya vijana wenye vipaji, na aliwapa wanafunzi wake nafasi ya Varna kama kazi ya nyumbani. Aliyerudi na jibu lililoiokoa sare ya mweupe katika njia ya Fischer alikuwa mvulana wa miaka 13 kutoka Baku, Garry Kasparov. Miaka 13 ndiyo umri aliokuwa nao Fischer alipomfunga Byrne katika umbo lile la malkia aliye c5. Na Kasparov, alipotetea ubingwa wake dhidi ya Anatoly Karpov mwaka 1986, alianza kuicheza Kinga ya Grünfeld katika mechi hiyohiyo ya ubingwa.

Angalia basi kilichotokea. Swali lililobaki wazi mwaka 1962 liliwafanya watu wafikiri kwa miaka mingi, likapita kutoka kizazi kimoja hadi kingine, likamfundisha mtoto kwamba hata neno la bingwa linachunguzwa. Kama Fischer angeshinda kwa hatua 30 tungekuwa na mchezo mzuri mmoja zaidi kwenye vitabu vyake. Kama Botvinnik angeshinda kwa maandishi yake ya droo, tungekuwa na ushahidi mwingine wa nguvu ya matayarisho, na hatua ya malkia kwenda f4 ingebaki imelala bila kuonekana na mtu. Tulichopata ni nafasi ambayo pande zote mbili zililazimika kuitolea hoja hadharani, kwa maandishi, huku kila moja ikijua kwamba nyingine ipo hai na inasoma.

Wapo wanaotaka kuifuta sare, au walau kuiadhibu. Bulgaria yenyewe, mjini Sofia mwaka 2005, ilianzisha mashindano ambayo wachezaji walikatazwa kupeana sare kwa makubaliano. Bilbao mwaka 2008 ilitoa pointi tatu kwa mshindi na moja kwa aliyetoka sare. Kanuni ya Sofia naiunga mkono bila kusita, maana inaikamata Curaçao shingoni na haiugusi mchezo wa Varna hata kidogo. Hesabu ya Bilbao naiona ina kasoro: inadai kwamba watu wawili waliopigana hatua 68 wamezalisha kitu kidogo kuliko mtu aliyeshinda kwa sababu mpinzani wake alisahau farasi. Mtu anayepanga mashindano ana haki ya kutaka watazamaji wachangamke, lakini mwandishi wa historia hawezi kukopa kipimo hicho.

Botvinnik na Fischer walikaribia kukutana tena. Mwaka 1970 waandaaji wa Leiden, Uholanzi, walipanga mechi kati yao. Bingwa wa zamani alikubali idadi maalumu ya michezo. Fischer alitaka ichezwe hadi mmoja ashinde mara sita, sare zisihesabiwe, na waandaaji hawakuweza kuahidi mechi isiyo na kikomo. Mpango ukavunjika, na mahali pake pakafanyika mashindano ya watu wanne, ambayo yalikuwa ya mwisho kwa Botvinnik. Miaka mitano baadaye Fischer alidai jambo la aina hiyohiyo kabla ya kutetea taji lake dhidi ya Karpov, ushindi kumi bila kuhesabu sare, na baadhi ya madai yake yalipokataliwa akaliacha taji. Kati yake na Botvinnik hakuna mchezo mwingine wa kuandika. Upo ule mmoja wa Varna, nusu kwa nusu.